Rangi Zilizokimbia: Vidokezo 10 vya Kulikamata Neno “Run”

Nilipokuwa kidato cha pili, shangazi yangu wa Tanga aliletewa gauni jekundu kutoka ng’ambo. Ndani ya kola palishonwa kipande kidogo cha kitambaa chenye maneno matatu: “Colours may run.” Kwa kuwa msomi wa nyumba ile nilikuwa mimi, nikaitwa nitafsiri. Nikakohoa kidogo, nikasoma, nikatangaza: “Rangi zaweza kukimbia.”

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. “Zikimbilie wapi, baba, na mlango tumefunga?” Gauni likaingia kwenye beseni moja na kanzu nyeupe ya mumewe, iliyokuwa ikingoja Idi. Jioni kanzu ikaanikwa kambani, ina rangi ya ubuyu.

Ukinisahihisha neno kwa neno, nilipata maksi zote. Nilichokosea ni kulichukua “run” kama neno linaloishi peke yake, nalo siku ile lilikuwa limekaa jirani na rangi. Na hili si neno la kuulizwa maana likiwa peke yake. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya na kumaliza mwaka 2011, walihesabu maana 645 za kitenzi hicho tu, bila kugusa nomino. Mhariri aliyebebeshwa mzigo huo, Peter Gilliver, alikaa nao zaidi ya miezi tisa. Katika toleo la kwanza la kamusi hiyo, lililokamilika mwaka 1928, bingwa wa maana nyingi alikuwa “set”. Sasa naye kaachwa nyuma.

Maana 645 hazikaririki, na hakuna haja. Vidokezo hivi ni vya kukusaidia unapokutana na neno hili gazetini, kwenye simu, kwenye mkataba au kwenye kola ya gauni.

1. Kwanza uliza: ni nini kinachokimbia?

Usianze na kitenzi, anza na mtendaji. Akiwa Eliud Kipchoge, kaa kwa utulivu: hizo ni mbio za kweli, kama zile kilomita 42.195 alizozimaliza Vienna mwezi Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Lakini mtendaji akiwa kitu cha majimaji, miguu haipo tena. Pua ikiwa “running”, una mafua na kamasi zinachuruzika. Tangazo la nyumba ya kupanga likisema “running water”, maji yanatoka bombani na hutamsubiri kijana wa mkokoteni na madumu yake. Barabara nayo inaweza “run” kutoka mji mmoja hadi mwingine. Hapo barabara haijaondoka mahali pake, inapita tu.

Na rangi ya nguo je? Rangi inachuja. Neno lilikuwa mdomoni mwa shangazi miaka yote. Laiti ningemwambia “gauni hili linachuja”, kanzu ingesalimika.

2. Kikiwa na mota, soma “kufanya kazi”

Neno hili lilipata ajira nyingi viwanda vilipoanza. Mashine za mvuke zilifuatwa na treni, treni zikafuatwa na magari, kisha friji na jenereta, na Mwingereza akasema vyote hivyo “vinakimbia”, yaani vinafanya kazi, hata vikiwa vimesimama palepale kwenye kona ya jiko. Kompyuta ilipokuja ikarithi lugha ya mashine. Ndiyo maana programu nayo “hukimbia” ndani ya simu uliyoiweka mezani.

Bahati nzuri, sisi tunalo neno la kubeba mzigo huu: kuendesha. Ukiona “run” imefuatwa na kitu, jaribu kuendesha kabla ya kujaribu kingine. Utaona linaingia bila kusukumwa: kuendesha programu, kuendesha biashara, kuendesha semina, kuendesha ofisi. Mtu akiuliza “Who runs this place?” hatafuti mwanariadha, anataka kujua mwenye kauli hapa ni nani.

Kuna msemo mmoja wa familia hii unaofaa kubandikwa ukutani: “running costs”, yaani gharama za uendeshaji. Gari la bei poa huwa poa siku ya kununua. Piga hesabu ya mafuta, bima, matairi na spea kabla hujatoa pesa.

3. Tumboni, jihadhari

Afrika Mashariki tuna Kiingereza chetu, na mojawapo ya mali zetu ni “running stomach”. Mwenzako wa Nairobi, Kampala au Arusha atakuelewa mara moja. Ni tafsiri iliyotulia vizuri pia, kwa sababu Kiswahili kinasema mgonjwa anaendesha, au ana tumbo la kuendesha. Yaani lile neno letu la gari na biashara likatufuata mpaka chooni, kama “run” lilivyomfuata Mwingereza.

Tatizo ni kwamba daktari wa London anaweza kukukodolea macho. Kwake pua hukimbia, tumbo halikimbii. Ukiwa ugenini eleza dalili waziwazi: naharisha tangu jana, mara ngapi kwa siku, kama kuna damu au hakuna. Utani wa maneno uhifadhi mpaka upone.

4. Kwenye siasa, angalia pasipoti ya mwandishi

Mmarekani anayetaka ubunge “anakimbia”. Mwingereza anayetaka cheo kilekile “anasimama”. Sisi tunagombea, kana kwamba kiti ni kimoja na wanaokitaka wamekishika miguu kila mmoja upande wake. Kusikiliza vitenzi hivi vitatu tu kunaweza kukupa picha ya kampeni tatu. Ingawa tusijitenge sana na Waingereza: hata kwetu chama husimamisha mgombea.

Msamiati unaozunguka hapo umetoka kwenye viwanja vya mbio. “Running mate”, ambaye sisi humwita mgombea mwenza, zamani katika mbio za farasi alikuwa farasi aliyeingizwa uwanjani ili amsaidie mwenzake kupata kasi. “Front-runner” ni mgombea anayeongoza kabla ya kura kupigwa. Kama unataka kumwona “front-runner” asiye na siasa, kumbuka Filbert Bayi wa Tanzania. Mjini Christchurch, Februari 1974, alichomoka mbele tangu mwanzo wa mita 1500, hakumpisha mtu, na akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Wanasiasa wengi wanaoitwa jina hilo huishiwa pumzi kwenye kona ya mwisho.

Halafu kuna “run-off”. Gazeti likiandika hivyo wakati wa uchaguzi, ni duru ya pili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa mfano, inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Akikosekana wa namna hiyo, wananchi hurudi vituoni ndani ya siku 30. Lakini mhandisi wa barabara akitamka “run-off”, weka kadi ya kura mfukoni. Yeye anazungumzia maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi bila kunywewa, na anawaza mtaro.

5. Ukiliona karibu na neno benki, usilipuuze

“Bank run” ni wateja kuivamia benki wote kwa mpigo kutoa pesa zao, kwa sababu wamesikia, au wamedhani wamesikia, kwamba inataka kuanguka. Balaa yake iko kwenye namna benki zinavyofanya kazi. Pesa uliyoweka haikai sandukuni ikikusubiri, imekopeshwa kwa mjenzi wa nyumba na mwenye duka. Siku ya kawaida wanaotaka kutoa ni wachache, mambo yanakwenda. Siku wote wanapotaka, hata benki yenye mali nzuri haiwezi kuzigeuza noti kabla ya saa za kufunga. Hivyo hofu ya kuanguka ndiyo inayoiangusha.

Septemba 2007 wateja wa Northern Rock, benki ya Uingereza, walipanga foleni ndefu nje ya matawi yake, jambo ambalo nchi ile haikuwa imeliona tangu karne ya 19. Hao walau walisimama juani. Mwezi Machi 2023 wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani walijaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao kwa kubofya tu simu na kompyuta. Kesho yake mamlaka ziliifunga. Mbio kubwa mno, na wengi walikimbia wamekaa.

6. Kwenye kriketi unaweza kukimbia bila kukimbia

Katika kriketi “run” ni alama. Wapigaji wawili wanasimama kwenye ncha mbili za njia yenye urefu wa mita 20 na kidogo. Mmoja akiupiga mpira, wanabadilishana ncha kabla wapinzani hawajaurudisha, na kila wakibadilishana salama timu inaandikiwa “run” moja.

Hapo neno na kitendo bado ni ndugu. Undugu unavunjika mpira unapofika kwenye mpaka wa uwanja. Ukigusa nyasi kwanza ndipo ukavuka, timu inapewa “run” 4. Ukivuka mpaka kwa juu bila kugusa chini, inapewa 6. Mpigaji anaweza kusimama palepale, akajifuta jasho, na ubao ukaandika kwamba “amekimbia” mara sita.

Kwa hiyo ukisoma kwamba Kenya iliishinda Sri Lanka kwa “run” 53 jijini Nairobi katika Kombe la Dunia la 2003, usiwahesabie wachezaji hatua. Hizo ni alama, na ni katika mashindano yale yale Kenya ilifika nusu fainali. Tahadhari moja: ndani ya mchezo huu “run out” ni mpigaji kutolewa kwa kuchelewa kufika ncha ya pili. Nje ya uwanja maana yake ni tofauti kabisa, tutaikuta kwenye kidokezo cha 10.

7. Kwa fundi, fuata uzi na futi

Fundi cherehani akisoma “running stitch” kwenye kitabu cha mishono, anaijua kazi hiyo tangu alipokuwa mwanagenzi: ni kupiga bandi. Sindano inaingia na kutoka kwa hatua ndogo ndogo, nguo ishikane kwanza kabla ya kupita kwenye cherehani.

Kwenye soksi ndefu za kike, “run” ni uzi kufumuka na kuacha mstari wa aibu kutoka kwenye goti hadi kisigino. Hilo ni neno la Marekani. Uingereza mstari huo huo unaitwa ngazi, kwa kuwa nyuzi zilizobaki zinalala kama vipago.

Na ukienda kutengenezewa kabati za jikoni, sikiliza vizuri bei inapotajwa kwa “running metre”. Fundi anapima urefu peke yake, kimo na kina vimeshakadiriwa. Akikuambia shilingi 200,000 kwa kila mita na ukuta wako una mita 3, andaa 600,000. Ukidhani ni mita ya mraba, mtagombana kazi ikiwa imeshasimama.

8. Kikihusu muda, soma “kudumu” au “mfululizo”

Mkataba wa kupanga unaweza “run” miaka miwili, yaani unadumu miaka miwili. Mtu akishinda tuzo “three years running”, hakushinda akiwa mbioni, alishinda miaka mitatu mfululizo. Anayekutumia ujumbe “I am running late” anachelewa, na huenda wakati huo bado anatafuta soksi.

Kwenye ukumbi wa maonyesho, “run” ni kipindi chote ambacho tamthilia inaonyeshwa. Bingwa wa dunia hapo ni The Mousetrap ya Agatha Christie, iliyoanza kuonyeshwa katika eneo la West End jijini London mwezi Novemba 1952. Ilikatizwa tu na korona Machi 2020, ikarudi mwaka uliofuata.

Mahakamani neno hili linaweza kukuongezea au kukupunguzia miaka. Tuseme mtu kahukumiwa miaka 5 kwa kosa moja na miaka 3 kwa jingine. Hakimu akiandika kwamba vifungo “run concurrently”, vinatumikiwa kwa pamoja, naye atakaa miaka 5. Akiandika “run consecutively”, kimoja kinaanza kingine kikiisha, jumla miaka 8. Tafsiri ya haraka hapo haiharibu kanzu tu.

9. “Long run” ya mchumi haina kalenda

Mwanariadha akisema “long run”, Jumapili asubuhi ana kilomita nyingi miguuni. Katika mazungumzo ya kawaida, “in the long run” ni hatimaye. Lakini mwanafunzi wa uchumi anapoikuta kwenye mtihani, ashike kitu kingine.

Kwa mchumi, “short run” ni kipindi ambacho kuna angalau kitu kimoja huwezi kukibadilisha: jengo, mashine, shamba. “Long run” ni muda wa kutosha kubadilisha vyote. Haupimwi kwa miaka, unapimwa kwa biashara yenyewe. Mama ntilie aliyezidiwa na wateja leo anaweza wiki ijayo kuongeza jiko, benchi na msaidizi, na “long run” yake imeshafika. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujengwa mwaka 2019 na mtambo wa kwanza ukaingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Anayepanga umeme wa taifa huhesabu miaka mahali ambapo mama ntilie anahesabu siku.

10. Usiondoke bila kuangalia mkia

Kiswahili hubadilisha maana kwa kuchezea mwisho wa kitenzi. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana: mzizi mmoja, safari nne. Mwingereza hana mikia ya namna hiyo, basi huokota vijineno vidogo na kuvifungia nyuma ya kitenzi. Ukikisoma kitenzi na kukiacha kijineno, umesoma nusu.

“Run out of” ni kuishiwa: vocha, sukari, subira. “Run into” mtu ni kukutana naye bila miadi, ila gari liki-“run into” mti, limeugonga. “Run over” mtu ni kumgonga kwa gari, lakini kikao kiki-“run over” hakuna majeruhi, kimepitiliza muda. “Run up” deni ni kulilimbikiza kidogo kidogo mpaka likushangaze. “Run through” hotuba ni kuipitia haraka kabla ya kupanda jukwaani.

“Run down” ndiyo yenye sura nyingi: betri iliyokwisha, jengo chakavu, au mtu aliyechoka mwili mzima. Ukiitwa hivyo na daktari, lala. Nyumba ikiitwa hivyo na dalali, bei ipungue.

Na kabla hujamcheka Mwingereza

Sisi tuna “piga”. Tunapiga simu, picha, pasi, mswaki, deki, kura, kambi, magoti na chafya, na katika hayo yote hakuna anayeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili kwa kamusi mkononi hutushangaa kwa ukatili wetu.

Miaka imepita tangu kanzu ile. Likizo iliyopita mjukuu wa shangazi, aliyezaliwa na kukulia ughaibuni, alikuja Tanga akiwa na daftari la maneno. Asubuhi alimkuta bibi yake akichuja tui. Mchana redio ikasema chama fulani kinachuja wagombea. Jioni vijana barazani walikuwa wakibishana kuhusu mwanamuziki mmoja, na mmoja akamaliza ubishi: yule siku hizi kachuja. Usiku msichana akatoa fulana yake kwenye beseni, akaiona imebaki na madoa, akaambiwa imechuja.

Akafungua daftari, akamwendea bibi yake jikoni. “Bibi, kuchuja maana yake nini?”

Shangazi akanitupia jicho la pembeni, kisha akamjibu mjukuu wake taratibu: “Inategemea, mama. Umelikuta wapi?”